Zamu ya Mzee wa Ndizi

Kwenye mchezo wetu wa karata, mkononi unashika tatu tu. Naanza na hilo mapema, ili nikisema Mzee wa Ndizi alikuwa anachukua muda wa kuziba pancha mbili kabla hajatoa moja, mtu asidhani alikuwa ameshika karata hamsini. Tatu. Ukitoa moja unaokota moja kwenye fungu la katikati, na fungu likiisha mnamalizia zilizobaki mkononi. Kuna wakati alikuwa anabaki na moja. Na hiyo moja nayo alikuwa anaifikiria.

Tulikuwa wanne, na tulicheza Jumapili mchana kwenye banda la fundi baiskeli, mtaa wa Kashaulili hapa Mpanda, upande wa nyuma wa soko. Mimi ni msusi. Jumapili vichwa vyote vimeshasukwa tangu jana yake, kwa hiyo nakuwa huru. Fundi alicheza huku anafanya kazi, mkono mmoja karata, mwingine gundi. Mwenzake alikuwa Mama Dagaa, mwanamke anayeuza dagaa sokoni na anayekasirika haraka na kucheka haraka zaidi. Mwenzangu mimi alikuwa huyo Mzee. Alikuwa anatoka kijijini Kabungu alfajiri na baiskeli yake, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, mbele na mpaka pale ambapo mtu mwingine angeweka mguu. Mpaka saa sita anakuwa ameuza. Ndipo anakuja kukaa na sisi, anavua kofia, anafuta miwani yake ambayo mkono mmoja ulishavunjika na Fundi akamfungia na mpira wa tairi.

Hatukucheza hela. Fundi alishasema hela zikiingia pale atakuja mtendaji, na mtendaji akija atataka kucheza. Tulicheza sabuni. Kila mtu alikuja na kipande kimoja cha sabuni ya mche, vinne vinawekwa juu ya kopo la grisi, wanaoshinda wanagawana viwili viwili. Basi. Ukishinda wiki hiyo unafua vizuri, ukishindwa unafua kwa kujibana.

Sasa huyu Mzee. Zamu yake ikifika, kwanza anazigeuza karata zake kifuani kama vile sisi tumekuja Mpanda kumchungulia. Halafu anaziinamia. Anaweka kidole kwenye moja, anakitoa. Anauliza, "Turufu ni nini?" Tunamwambia shupaza. "Ahaa, shupaza." Anatazama juu kwenye bati. Anaivuta karata moja mpaka nusu, Mama Dagaa anashika pumzi, halafu anairudisha. Anakunywa maji. Anauliza nani ametoa ile ya kopa. Mimi, Mzee. "Ahaa, ni wewe mwenzangu. Vizuri." Halafu anaanza upya kutoka kushoto.

Ungesema basi, mtu anafikiri hivyo ni fundi wa karata, akitoa itakuwa ya maana. Hapana. Akimaliza kufikiri anatoa ile mbaya. Ree yetu, karata nono kuliko zote, alishaitupa mbele ya turufu ya Fundi kwa utulivu mkubwa sana, kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Mimi sikuwa nakereka, na sijisifu kwa uvumilivu, maana sababu yenyewe haikuwa uvumilivu. Mimi naota. Nikiachwa peke yangu na akili yangu dakika tano, najenga. Kwenye zamu za Mzee nilikuwa najenga saluni yangu. Jumapili moja nilichimba msingi. Jumapili nyingine nikapandisha tofali mpaka kwenye lenta, nikaweka vioo vya ukutani ambavyo mteja anajiona mpaka miguu, nikaajiri wasichana wanne wenye fulana za rangi moja, mmoja nikamfukuza kwa umbea, nikamrudisha kwa huruma. Yote hayo Mzee ameshika karata tatu.

Na yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia. Nilimwambia siku moja aliponikuta natabasamu peke yangu. Hakucheka. Toka siku hiyo, katikati ya kufikiri kwake, alikuwa ananiuliza, "Leo umefika wapi, mwanangu?"

"Nimefika kwenye bati, Mzee."

"Bati la rangi gani?"

"Nilitaka kijani."

"Kijani inachujuka. Jua la huku unalijua. Weka nyekundu." Halafu ananyamaza, na naona kabisa kwamba hafikirii tena karata, anafikiria bati langu.

"Jamani," Mama Dagaa alikuwa anasema, siyo kwake, anaiambia hewa.

Maana Mzee hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Ana umri wa baba zetu. Utamwambiaje mtu wa umri huo, "Wewe, toa karata"? Ulimi wenyewe unakataa. Kwa hiyo watu walipitia pembeni. Fundi alikohoa. Alikohoa mpaka Mzee akamshauri atafute tangawizi. Mama Dagaa akapiga miayo yenye sauti. Siku moja akaweka simu yake ilie kengele kila baada ya dakika mbili, eti zamu ikipita muda ilie. Ikalia. Mzee akainua uso akamwambia kwa upole, "Simu yako inalia mama, pokea, sisi tutakusubiri." Akaweka karata zake chini ili asubiri vizuri.

Tatizo kubwa lilitokea nyumbani kwake, na aliniambia mimi peke yangu, siku nimemsindikiza kusukuma baiskeli mpaka barabarani. Mkewe alikuwa anamtuma kila Jumapili akimaliza ndizi anunue kipande cha sabuni cha nyumbani. Na Mzee ananunua kweli. Ila hicho hicho ndicho anachoweka kwenye kopo la grisi, na kwa sababu tulikuwa tunafungwa tu kila wiki, anarudi bila kitu.

"Mama yako amesema," alianza, akatembea hatua kumi, "amesema kila Jumapili natoka na ndizi, nanunua sabuni, narudi bila ndizi na bila sabuni. Amesema ningekuwa narudi nimeoga angeelewa."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye hakucheka.

"Amesema Jumapili ijayo ni ya mwisho. Nikirudi mikono mitupu, basi. Ndizi atakuwa anazileta kijana wa jirani, mimi nikae shambani niamie ndege, niwafukuze kwenye mpunga."

"Wewe uamie ndege, Mzee?" Niliwaza wale ndege. Mpaka aamue atupe jiwe lipi, wameshakula, wameshajenga viota, wameshazeeka.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Na mimi Jumapili yangu naipenda, mwanangu."

Wiki hiyo nilisuka watu kwa mawazo. Mteja mmoja nilimsuka mistari minane kulia na saba kushoto, ikabidi nifumue. Nilikuwa nataka tushinde mara moja tu. Lakini sikuwaambia Fundi na Mama Dagaa, nikaona ni siri ya Mzee. Na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu na wao walikuwa na siri yao.

Walikuwa wametafuta mtani.

Kwa asiyejua: kabila la Mzee lina kabila lingine ambalo ni watani wake tangu enzi za mababu. Makabila siyataji, maana watani nao wakiona wametajwa kwenye maandishi watakuja kudai chao. Mtani hana adabu kwako na wewe huna adabu kwake, na hakuna wa kukasirika. Anaweza kukutukana kwenye msiba wako mwenyewe. Fundi alikuwa amepiga hesabu zake: sisi hatuwezi kumharakisha Mzee, lakini mtani wake anaweza. Akamkuta mama mmoja anayeuza mihogo mibichi upande wa pili wa soko, akamwambia njoo Jumapili utusaidie.

Jumapili ikafika. Sabuni nne juu ya kopo. Mzee aliniangalia, nikamwangalia, tukaelewana kwamba leo ndiyo leo. Karata zikagawiwa, turufu shupaza. Mizunguko miwili tu, Mzee akazama. Nikaanza kuchagua vigae vya sakafu.

"Wewe!" Sauti ilitoka nyuma yetu mpaka jogoo wa jirani akaruka. "Kumbe bado hujafa?"

Mzee aligeuka. Sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile. "Nakusubiri utangulie ukanishikie nafasi!"

"Juzi nimepita Kabungu nikaona kichuguu nyuma ya nyumba yako, nikasema afadhali wameshamzika. Kumbe ni tumbo lako, umelala chali!"

"Tumbo hili limejaa wali wa msiba wa mjomba wako. Ulikuwa mtamu. Mnafiwa lini tena?"

Mama wa mihogo akaweka beseni chini, akashika kiuno. "Toa karata, kichwa cha kambale wewe! Hizo ni karata tatu, siyo wachumba watatu!"

"Hata wachumba siwakimbilii. Nilikimbilia mara moja nikajikuta nimefika kwenu. Nikarudi mbio."

Fundi alikuwa anacheka kwa furaha ya mtu ambaye mpango wake umefaulu. Aliacha kucheka taratibu. Kwa sababu watani wale hawakuwa wameonana tangu mavuno ya mwaka jana, na walikuwa na mengi. Wakatukanana wazazi. Wakatukanana vyakula. Mama wa mihogo akavuta kigoda akakaa. Akaomba maji. Wakaulizana nani kafa, nani kaoa, na kila jibu likazaa tusi jipya. Fundi aliziba pancha ya tatu. Karata za Mzee zilikuwa kwenye goti lake, zimelala.

"Tumeita wa kuzima moto," Mama Dagaa alimnong'oneza Fundi, "amekuja na kuni." Halafu kwa sauti, "Dada! Si tulikuita kwa kazi lakini?"

Mama wa mihogo akakumbuka. Akasimama, akamtazama Mzee, na kabla hatujajua anafanya nini akanyoosha mkono akamvua miwani.

"Hii nimechukua," alisema. "Macho ndiyo yanayokuchelewesha."

Na hapo hakuna wa kusema kitu. Mtani akichukua kitu chako hujaibiwa. Huwezi kununa wala kushtaki. Utakuja kukikomboa baadaye kwa atakachotaka yeye. Ndiyo haki yake. Mzee alipapasa pua yake, akakuta ni pua tu.

"Mwanangu," aliniita. "Sioni. Nyekundu naona ni nyekundu, nyeusi ni nyeusi. Zaidi ya hapo ni ukungu."

Niliona ndege wa Kabungu wakijipanga kwenye mpunga, wanafurahi.

"Basi toa yoyote, Mzee," nilisema.

"Haya." Pa! Akatoa.

Tulishtuka wote. Karata ilikuwa mezani. Ilikuwa imefika pale kama za watu wengine zinavyofika. Fundi akatoa yake, mimi yangu, Mama Dagaa yake, ikarudi kwa Mzee. Pa! Akaokota, pa! Hakuwa na cha kufikiria, kwa hiyo hakufikiri. Alikuwa anatupa kama mtu anayelisha kuku.

Na ndipo ukatokea ujinga ambao hakuna aliyeutegemea. Kumbe muda wote ule wenzetu nao walikuwa wanafikiria kwenye zamu ya Mzee. Mama Dagaa ndipo alipokuwa anahesabu ree zilizotoka. Fundi ndipo alipokuwa anapanga atoe nini mzunguko ujao, huku anajifanya anaziba pancha. Walikuwa wanaishi humo ndani ya uzito wake kama wapangaji, na sasa wametolewa nje na vyombo vyao.

"Ngoja, nani ametoa saba?" Fundi aliuliza.

Pa! Mzee.

"Ngoja kwanza!"

Mama Dagaa, kwa kiwewe, akatupa ree ya kopa akidhani turufu zote zimeshapita. Zamu ya Mzee. Akavuta nyeusi, akaiweka juu yake. Saba ya shupaza.

"Umeua ree yangu!" Mama Dagaa akapiga kelele.

"Nimeua nini? Mimi naona nyeusi."

"Mzee, subiri!" Fundi alisema, gundi imemkauka kwenye vidole. "Subiri kidogo basi, watu tufikiri!"

Hata mama wa mihogo aliangalia pembeni kwa aibu. Fundi alikuwa amemwambia Mzee wa Ndizi asubiri.

Mimi mwenyewe sikuwa salama. Nilizoea kucheza nusu nimelala, na sasa nilikuwa macho kabisa. Saluni niliiacha bila sakafu. Nilicheza kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na kila karata niliyotoa nilikuwa naona rundo la nguo chafu za Mzee, na mkewe amesimama pembeni yake.

Tulipohesabu, ya kushinda ni sitini na moja. Tulikuwa na sitini na nne. Fundi akahesabu tena. Sitini na nne. Mama Dagaa akahesabu kwa Kifipa. Sitini na nne.

Nilimrukia Mzee shingoni, adabu nikaisahau. Alikuwa anacheka bila kuona anamcheka nani. Nikamwekea vipande vyake viwili mkononi, akavishika kimoja kimoja, akavinusa. "Leo mama yako atafua," alisema.

"Na miwani?" aliuliza mama wa mihogo.

Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa ameivaa yeye, mpira wa tairi umemkaa sikioni kama hereni.

"Nipe niikomboe," Mzee alisema. "Unataka nini?"

"Vioo viwili. Kipande kimoja kwa kila kioo."

Mzee aliacha kucheka. Halafu akacheka tena, kwa sababu mtani hanuniwi, lakini kicheko cha pili kilikuwa na kazi. Nikafungua mdomo kumwambia yule mama kuhusu mkewe na ndege. Mzee akanikanyaga mguu. Mtani habembelezwi, ukimbembeleza umeshindwa na ukoo wako wote. Na bila miwani, barabara ya Kabungu na baiskeli ile angeishia mtaroni.

Akatoa sabuni. Zote mbili. Mama wa mihogo akaziweka kwenye beseni juu ya mihogo yake, akamvalisha miwani mwenyewe, kwa upole kabisa, akamwambia, "Ukifa usisahau kunijulisha," akaondoka.

Fundi akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nadhani alijua ameharibu kitu, ila hakujua nini. Nikawaambia sasa. Nikasema yote, habari ya mke, ya Jumapili ya mwisho, ya mpunga. Mama Dagaa akashika mdomo. "Si ungesema!" alisema. "Tungefungwa tu, jamani. Sisi sabuni si tunayo?"

Mimi nilikuwa na vipande vyangu viwili. Nikamnyooshea Mzee vyote, kimoja kila mkono. "Chagua."

"Hapana, mwanangu. Hivyo ni vyako."

"Tumecheza wawili. Chagua, Mzee."

Akakubali. Akafuta miwani. Akaangalia cha kulia. Kilikuwa kimekatwa vibaya, upande mmoja umeliwa na waya wa mwenye duka. Akaangalia cha kushoto. Kilikuwa na kona nzuri ila chembamba. Akakishika cha kulia, akakipima uzito, akakirudisha kwenye kiganja changu. Akauliza ni sabuni ya aina moja? Moja, Mzee. "Ahaa." Akaangalia juu kwenye bati. Kwapa likaanza kuniuma. Wale wawili walinitazama, na nikajua wakisema neno lolote nitawarushia hizo sabuni usoni. Tulisimama wote wanne mpaka akachagua cha kulia, akakifunga kwenye kitambaa, akapanda baiskeli.

Jumapili iliyofuata ilipofika saa sita hakuwepo. Saa saba hakuwepo. Fundi aligawa karata za watu wanne, akaziacha pale. Mama Dagaa alisema yeye hamsubiri mtu, anapumzika tu miguu. Alisema hivyo mara tatu. Ndizi tulikuwa tumeona zimeletwa sokoni asubuhi na hatukujua zimeletwa na nani, na hakuna aliyetaka kwenda kuuliza.

Saa nane kasoro alitokea kwenye kona, anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limelala. Pancha. Alikuwa ametembea nayo kutoka upande wa pili wa mji, na alikuwa amesimama njiani kumsalimia kila aliyemsalimia. Mama Dagaa alishika pindo la kanga yake akajifuta macho, akasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Alikaa. Akafuta miwani. Akaokota karata zake akaziweka kifuani.

"Mama yako amesema," alianza.

Tukasubiri.

"Yule mtani alipita nyumbani Jumanne. Amekuja na sabuni mkononi kumringishia mama yako. Akaeleza yote, kwamba zangu zote mbili alizichukua yeye." Akavuta karata nusu. Akairudisha. "Kwa hiyo mama yako amejua ile niliyopeleka ilikuwa yako."

Niliweka karata zangu chini. "Amekasirika?"

Alifikiria hilo. Alilifikiria muda mrefu kiasi kwamba Fundi alitoa tairi lote la nyuma, akapata tundu, akalikwaruza, akapaka gundi.

"Amesema niendelee kuja," alisema hatimaye. "Ila tukishinda, sabuni yangu nisiishike mimi. Uishike wewe mpaka nimepanda baiskeli. Amesema mtani ana haki ya kilicho mkononi mwangu. Kilicho mkononi mwako hana."

Tulitazamana. Mama Dagaa alipiga makofi. "Huyo mwanamke," alisema, "angekuwa anacheza yeye, sisi tungekuwa tunafua kwa majivu."

Nikamwambia Mzee, "Mwambie mama nimekubali, na asante."

"Nitamwambia," alisema, "nikifika."

Fundi akainama sikioni kwangu akauliza, kwa sauti ya chini sana na heshima zote, atafika lini.